Nilimwambia mwanafunzi wangu "bado", sasa sijui lilisema sikio au kijicho

Somo, shikamoo.

Naandika saa sita za usiku hapa Tudor, stima imepotea tangu magharibi na simu iko asilimia kumi na nane, kwa hivyo nikikosea herufi unisamehe. Jina langu usilitoe tafadhali, Mombasa ni ndogo na walimu wa kuimba opera huku hata kiganja kimoja hatujazi.

Mie nina miaka 48, nafundisha kuimba. Zamani nilikuwa soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, tena wa kazi, si wa Jumapili tu, ingawa nilianzia huko huko kwaya ya kanisa, halafu mashindano ya mashule, halafu Nairobi, halafu nikapata njia ya kwenda kusoma Ujerumani. Mwaka 2005 nikaajiriwa kwenye jumba la opera la mji mdogo ambao hata Wajerumani wenyewe ukiwatajia wanakuuliza uko upande gani. Nikakaa misimu 12. Sauti yangu ilikuwa nyepesi, na soprano mwepesi kwenye opera za Mozart na wenzake hupewa vijakazi, yule msichana mjanja anayebeba barua na kumcheka bwana wake, basi mie nimekuwa kijakazi miaka 12 na niliipenda wallahi, kila usiku nafagia jukwaa kwa ufagio wa uongo huku noti ninazoimba ni za kweli.

Mikataba ya kule ni ya msimu kwa msimu. Miaka ya mwanzo kila Oktoba tulikuwa tunakiogopa kisanduku cha barua, manake tarehe 31 ikipita hujaandikiwa barua ya kukukataa, umebaki msimu mmoja mwingine. Ukifikisha miaka 15 kukutoa ni kazi, ndio maana wengi hutolewa kabla. Kwangu alikuja mkurugenzi mpya na watu wake, nikapewa barua, 2017 nikarudi nyumbani kumuuguza mamangu, Mungu amrehemu. Nikabaki. Nikanunua piano ya mtumba, hewa ya bahari ikaila nyaya kutu ndani ya mwaka, sasa nina kinanda cha umeme na wanafunzi kumi na mmoja hapa sebuleni.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mwaka 2019 niliimba kwenye harusi ya mpwa wangu. Noti ya juu ilipasuka mbele ya watu mia tatu, haikukwaruza, ilipasuka. Nikasema nina mafua. Mafua hayo hayajaisha mpaka leo, kila nikiombwa kuimba ninayo. Wanafunzi nikiwaonyesha kitu nakionyesha kwa sauti ya chini au nakipiga kwenye kinanda, wao wanadhani natunza sauti.

Katika hao kumi na mmoja kuna mmoja, nimwite Binti tu, ana miaka 20, anavuka feri kutoka Likoni kila Jumamosi. Alikuja kwangu mwaka wa juzi akiimba kwa koo, anasoma tonic solfa tu, zile herufi za do-re-mi, noti za mistari hazijui vizuri na kinanda anapiga kwa vidole viwili. Jumamosi moja mwezi uliopita, saa kumi hivi, jirani wa chini anakaanga viazi karai na harufu imejaa ngazi nzima, tulikuwa tunapanda skeli, kila mara nampandisha nusu hatua. Kawaida nasimama sol ya juu. Siku hiyo mkono wangu haukusimama, sijui kwa nini, tukapita la, tukapita si, tukafika do ya juu kabisa, ile soprano wote wanayoihesabia siku. Akaiimba mabega yamelala, taya limelegea, noti imetulia kama mshumaa usio na upepo. Alipomaliza akaniuliza, "Mwalimu, tumefika wapi?"

Somo, hajui hata ilikuwa noti gani.

Nikamwambia, "Unabana. Bado."

Hakuwa anabana. Najua kubana, nimefundishwa miaka sita kukusikia. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameniomba mambo mawili, kwanza anataka kurekodi nyimbo atume maombi vyuo vya muziki Ujerumani kabla havijafunga mwezi wa tatu, pili kuna bendi ya hoteli Diani inamtaka aimbe Ijumaa na Jumamosi usiku, elfu tatu kwa usiku. Yote mawili nimekataa. Ujerumani nikasema subiri mwakani, bendi nikasema itaharibu sauti. Mamake akanipigia simu, hakulalamika, akasema tu, "Mwalimu, sisi muziki huu hatuujui, wewe ndiye masikio yetu."

Tangu hapo silali. Na kibaya zaidi, Jumamosi hii iliyopita Binti alikuja kaanza kubana kweli, mishipa ya shingo imemtoka, kwa sababu anatafuta kurekebisha kitu nilichomwambia kimeharibika.

Nimwambie ukweli? Nimpeleke kwa mwalimu mwingine? Ama niache kufundisha kabisa, manake mwalimu anayemwonea gere mwanafunzi wake ni mwalimu gani?

Mwalimu wa Tudor

.

Marahaba mdogo wangu, pole, na pole na stima pia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilisoma nikiwa kwenye matatu ya kuelekea Bamburi nikapitishwa stendi yangu, kwa hivyo una deni langu la shilingi hamsini.

Nikikuelewa vizuri, shida yako si huyu Binti wala si Ujerumani. Shida yako ni kwamba umeambiwa wewe ndiye masikio, na siku hiyo hiyo ulipoambiwa tayari ulikuwa huyaamini masikio yako. Unaona kuna watu wawili ndani yako, mwalimu na mwenye kijicho, na hujui ni yupi aliyefungua mdomo. Unataka mie nikuambie ni yupi. Sikuambii, manake sikuwepo sebuleni, ila kuna vitu ndani ya barua yako mwenyewe vimenivuta na ningependa tuvitazame pamoja.

Umeandika kama vile gere na sikio ni maadui, likiwepo hili lile halipo. Hebu fikiri kidogo. Mpaka ukaona gere, ilibidi kwanza usikie. Ulisikia mabega, ulisikia taya, ulijua do imetulia, yote hayo umeniandikia mie nisiyejua do ni ipi na nimeielewa. Sikio lako halikukosea hata nukta. Kilichokosea ni maneno mawili, na hapa ndipo ningependa uyatenganishe kwa sababu umeyasema kwa pumzi moja na sasa unayabeba kama kitu kimoja: "unabana" na "bado".

Tuanze na "bado". Kwenye barua yako kuna nusu sentensi umeipita mbio, kwamba Binti anasoma tonic solfa tu na kinanda anapiga kwa vidole viwili. Wewe umesoma huko, unajua kuliko mie kwamba mtihani wa kuingia chuo cha muziki kule hauishii kwenye kuimba, kuna nadharia ya muziki na kwa kawaida wanataka upige piano hata kidogo, halafu kuna Kijerumani chenyewe. Sasa je, "bado" yako ilikuwa ya kijicho peke yake? Au kijicho kilipanda gari ambalo tayari lilikuwa linaelekea huko? Sijui. Lakini ungekuwa umemwambia "bado, kwa sababu ya noti na piano na lugha, na hii hapa ratiba ya mwaka mzima", hilo lingekuwa neno la mwalimu. Ulimwambia "bado" tupu, na "bado" tupu mtu mwenye miaka 20 anaisikia "huwezi".

Na kusema "bado" si dhambi ya kwako peke yako. Jenny Lind, soprano wa Sweden, alipokwenda Paris mwaka 1841 alikuwa na miaka 20 kama Binti wako, tayari ana jina kwao na sauti imechoka vibaya kwa kuimba kupita kiasi. Mwalimu Manuel Garcia alimwambia apumzike kwanza ndipo amfundishe. Hiyo nayo ilikuwa bado, na binti yule baadaye akawa Jenny Lind ambaye dunia ilimjua. Tofauti ni kwamba yeye aliambiwa bado kwa sababu iliyokuwepo.

Huyo Garcia nataka nikae naye kidogo. Alikuwa baritoni, sauti ya katikati ya kiume, akaimba jukwaani akiwa kijana, sauti ikamkatalia mapema, akageukia kufundisha. Miaka yote hiyo anafundisha sauti za watu wengine huku akitaka kujua kuna nini mle kooni, mpaka 1854 akachukua kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akazitazama nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufunga. Ndio vioo ambavyo madaktari wa koo walitumia kwa miaka mingi baada yake. Akafa 1906 ana miaka 101. Sikusimulii haya ili uone kwamba kufundisha ni bora kuliko jukwaa, mtu aliyepokonywa jukwaa hatulizwi kwa hadithi ya mzee wa zamani. Nakusimulia kwa sababu ya kioo.

Wewe umejitazama? Maana barua nzima inasema sauti imekwenda, na haisemi popote kwamba daktari aliitazama. Una miaka 48. Mwili wa mwanamke ukikaribia kukoma hedhi homoni hubadilika na nyuzi za sauti nazo hubadilika, noti za juu ndizo hutangulia kuwa ngumu. Kuna thairoidi, ile tezi ya shingoni, kuna asidi ya tumbo inayopanda usiku na kuzichoma nyuzi ukaamka na sauti ya punda. Na kuna msiba pia, ulimuuguza mama ukamzika na hukuwa na mtu wa kukulipia msimu wa kulia. Noti moja ilipasuka, mara moja, harusini, ukaifungia sauti nzima kifungo cha maisha bila kesi. Huenda imekwenda kweli. Ila daktari wa masikio, pua na koo anaingiza kamera nyembamba puani na kwa dakika chache anaziona, na hata jibu likiwa baya angalau utakuwa unaomboleza kitu unachokijua. Hatari yake naijua, ukienda ukaambiwa nyuzi ziko salama, utabaki na swali gumu zaidi la kwa nini basi huimbi. Uamuzi wako.

Sasa "unabana". Hili ndilo linanikosesha usingizi mie. Kusubiri mwaka si lazima kumdhuru mtu, lakini Binti ameanza kuvunja kitu kizima kwa utiifu. Hapa una njia kadhaa na kila moja ina miba yake.

Unaweza kumwambia yote, harusi, mafua ya uongo, gere. Nauelewa mvuto wake, utatua mzigo na usiku utalala. Lakini mzigo ukiutua, atakayeuokota ni nani? Yeye ni mtoto wa Likoni anayekuona wewe ndiye mlango wake pekee, hawezi kukukasirikia hata akitaka, atasema "hamna shida mwalimu" kisha kila akikaribia noti ya juu atakutazama uso aone kama inakuuma. Kuna wanafunzi wakijua hivyo wanaanza kuimba chini ya uwezo wao makusudi, kwa huruma tu. Kwa upande mwingine, huenda yeye ni mkubwa kuliko tunavyomdhania na ukweli ukawafanya mkae vizuri zaidi, wewe ndiye umemwona miaka miwili.

Unaweza kumwambia nusu. "Siku ile nilikosea, ile noti haikuwa imebanwa, ilikuwa do ya juu na ilikuwa nzuri." Walimu hukosea, si lazima kila kosa liambatane na maungamo. Miba yake ni kwamba akikuuliza, "Sasa mwalimu ulisikia nini?", utahitaji jibu lisilo mafua.

Unaweza kutafuta sikio la pili. Mrekodi kwa simu tu, mtumie mtu mliyeimba naye kule bila kumwambia ni nani, umuulize kama angemwambia atume mwaka huu au mwakani. Au umpeleke Nairobi, Conservatoire ya pale, chuo cha muziki, ipo tangu 1944 na walimu wapo, treni ya asubuhi mko huko mchana. Unaweza kumpoteza, wampende abaki. Hilo ulilitaja haraka haraka, "nimpeleke kwa mwalimu mwingine", na sikuweza kujua kama ni kwa faida yake au ni adhabu unayojipa. Pengine na wewe hujui. Akina mama wenzangu wenye watoto wa kike wanaoolewa wananiambia kitu kama hicho, kutoa na kukimbia, ukivitazama kutoka nje, vinafanana sana.

Na hata sikio la pili likisema atume, kuna hesabu. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na popote aendako viza ya mwanafunzi inataka aonyeshe pesa ya kujikimu, tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, kwa kawaida zikiwa zimefungiwa benki. Mamake anajua hilo? Hapo ndipo usiku wa elfu tatu Diani unapogeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo nikuulize kuhusu bendi. Ulisema itaharibu sauti. Inaweza, nakubali, masaa matano mfululizo, makelele, viyoyozi, kurudi Likoni saa tisa usiku kisha Jumamosi mchana aje kwako. Lakini pale kuna maikrofoni, hatakiwi kuishinda okestra kwa kifua chake kama mlivyokuwa mnafanya nyinyi. Swali langu ni kama ulikuwa unaogopa masaa au ulikuwa unaogopa muziki wenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na Bi Kidude, wa Zanzibar pia, aliimba mpaka uzee wa mwisho na sauti imekwaruza kama mlango wa Mji wa Kale, watu wakalipa kuisikia ile mikwaruzo. Sisemi mpeleke Diani. Pengine usiku mmoja kwa wiki badala ya miwili, pengine hapana kabisa. Ila kama jibu ni hapana, na iwe ya masaa, si ya dharau, manake atajua tofauti.

Kuhusu kuacha kufundisha, mdogo wangu, hapo umeniacha. Wanafunzi wengine kumi wamekukosea nini? Gere umemwonea mmoja, na umeijua siku ile ile, ukaandika barua usiku wa manane na simu ina asilimia kumi na nane. Nimewajua walimu, si wa muziki, walioona gere miaka thelathini wakaiita nidhamu.

Sijui utachagua nini na wala si lazima uchague vyote. Ila Jumamosi iko karibu, na kabla ya Ujerumani na Diani na daktari, atapanda ngazi zile na kusimama mbele ya kinanda na kukaza shingo. Kile utakachomwambia dakika ile, kabla ya skeli ya kwanza, ningependa kukisikia. Niandikie Jumapili.

Na ukiamua kwenda kwa daktari, atakuuliza unakula nini usiku na saa ngapi. Viazi karai vya jirani na pilipili yake saa nne za usiku umwambie ukweli, usiseme mafua.

Somo